Naomba ushauri: Datsun 240Z ya 1972 kwa Safari Classic, nianzie wapi?

Mwenye_Zed:
Wakuu, habari za jioni. Nina Datsun 240Z ya 1972, injini L24, kabureta mbili za SU. Bodi imeshakwanguliwa rangi, kimebaki chuma kitupu. Lengo ni East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani kwenye barabara mbaya. Fundi anataka pesa nyingi ziende kwenye injini: kabureta tatu za Weber na kamshafti kali. Mimi naogopa barabara kuliko kasi. Nianzie wapi, na nini huziua hizi gari njiani?

Chuma_Kitupu:
Mkuu, hofu yako ni sahihi. L24 ikipata oili na maji haifi kirahisi. Bodi ndiyo huachia. Wakati chuma kiko wazi, chomelea maungio kwa vipande: choma milimita 25, ruka 50. Usichome mfululizo, bati litajikunja, na pembeni mwa weldi litakuwa kavu lipasuke hapohapo. Minara ya shokapu ivalishwe bati la milimita 3, miwili ya mbele iungwe kwa bomba.

Kisha lala chini uangalie vikombe vinavyoshika fimbo za TC, zile zinazotoka mkono wa chini kwenda nyuma. Vikombe hivyo hung'oka kwenye chasisi. Na tafadhali, usiweke bushi za poliyurethani mbele na nyuma ya kikombe. Fimbo ikikosa pa kuchezea inakatika shingoni, pale nyuzi zinapoanzia, tena mara nyingi ukiwa umekanyaga breki. Poliyurethani mbele, mpira wa kawaida nyuma.

Ukimaliza, paka chini kote rangi nyeupe. Ufa mdogo ukianza, vumbi huingia na kuchora mstari mwembamba mwekundu. Kwa tochi unauona jioni kabla haujawa shimo.

Binti_Gereji:
Naunga mkono, ila msisahau nyuma. Mpira unaoshika pua ya difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma) huchanika, difu inaruka juu kila ukiachia klachi. Ule mkanda wa kiwandani unaopita juu ya pua usiuamini, umezeeka. Tengeneza daraja la chuma juu ya pua, katikati weka mpira mgumu. Krosi (viungo) za ekseli fupi zinazotoka difu kwenda magurudumuni weka mpya zote nne, na ubebe ekseli moja kamili ya akiba.

Pini ndefu za mikono ya chini ya nyuma zitakuwa zimeganda kwa kutu. Kaka, usizipige nyundo: ncha inavimba na haitoki tena. Toa kwa presi, na mpya zipake grisi kabla ya kuingia.

SU_Daima:
Kuhusu Weber napingana na fundi. Tatu ni koo sita, kila koo na jeti zake za kurekebisha, na njia ya Safari inatoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi na mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi. SU ina nati ya chini ya kurekebisha mchanganyiko, unayoizungusha kwa vidole. Anzia mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Ukipanda milima, irudishe juu kidogo kidogo huku ukisoma rangi ya plagi.

Adui wa SU kwenye Z ni joto. Inteki na egzosi ziko upande mmoja, kabureta zinakaa juu ya moto. Ukisimama kituo cha muda Voi saa nane mchana, petroli inachemka kwenye bakuli la floti na gari haiwaki. Funga kinga ya bati chini ya kabureta, sogeza bomba la petroli mbali na hedi, na hakikisha bomba la kurudisha petroli tankini halijaziba.

Chujio la hewa livalishwe sponji yenye oili, ioshwe kila jioni. Kisha pitisha kidole ndani ya koo la kabureta. Kikitoka na chembechembe, kuna pa kuvujia, tafuta kabla hujalala.

Mwenye_Zed:
Ahsanteni sana, Weber nimeziacha. Na umeme? Waya za zamani zinaonekana nzima.

Binti_Gereji:
Zinaonekana tu. Taa kubwa hupitisha umeme kwenye swichi ya usukani, na boksi la fyuzi huyeyuka. Weka rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa badala ya ile ya usukani), kila jozi ya taa na fyuzi yake. Mwanya wa pointi za distribyuta uwe kati ya milimita 0.45 na 0.55, na ubebe seti ya pili pamoja na kondensa.

Jambo la usalama: Z huvuta moshi wa egzosi ndani kupitia mlango wa nyuma. Badilisha mpira wa mlango na gasketi za taa za nyuma. Dereva na msoma ramani wakianza kuumwa kichwa na kusinzia, simamisheni gari.

Chuma_Kitupu:
Kabla ya siku yenyewe, ipige kilomita 500 za barabara mbaya ikiwa na mzigo kamili: tairi mbili za akiba, vifaa, maji. Kabla hujatoka, chora mstari wa rangi kwenye kila nati muhimu. Ukirudi, iliyohama utaiona bila spana. Nati za magurudumu kaza Nm 80 kwa spana ya kupimia, rudia baada ya kilomita 50.