Ushauri: mdogo wangu amerudi kutoka Saudia, alikuwa anameza Captagon

BintiPangani: Wakuu, salaam. Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori Saudia, na kule alikuwa anameza Captagon ili asisinzie usiku. Tangu arudi analala kutwa, akiamka ni kula tu, hasemi na mtu. Usiku anafunga madirisha, anadai kuna watu wanamfuatilia. Jirani anasema nimpeleke akapewe methadoni. Naogopa. Nifanyeje?

Msela_wa_Meru: Dada, hizo si stimu za miraa tu? Mwache alale, atakaa sawa.

MfamasiaTanga: Mkuu, ukoo ni mmoja kweli, maana katinoni ya kwenye miraa inafanana sana na amfetamini, dawa ya kuchangamsha inayopatikana kwenye vidonge hivyo. Lakini majani hutafunwa kwa saa kadhaa, dawa ikaingia mdogo mdogo. Kidonge kinaingia kwa mkupuo.

Dada, Captagon ya mwanzo ilikuwa dawa iitwayo fenetilini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1961. Mwilini huvunjika ikawa amfetamini na tiofilini, dawa ya jamii ya kafeini. Mwaka 1986 iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Vidonge vya magendo vya sasa mara nyingi ni amfetamini na kafeini, kwa vipimo asivyovijua hata anayeviuza.

Amfetamini huzifanya seli za ubongo zimwage dopamini na noradrenalini, kemikali za kuuchangamsha mwili, kwa wingi, na huzuia zisirudishwe ndani. Usingizi unakimbia, moyo unaenda mbio, presha inapanda. Dawa ikikatika ndiyo arosto unayoiona: usingizi, njaa, huzuni. Hayo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Methadoni ni ya watu wa heroini. Kwake haitibu kitu, na mwili usioizoea inaweza kuukata pumzi. Usijaribu kabisa.

Hilo la kufuatiliwa ndilo linalonitisha. Usisubiri liishe lenyewe, mpeleke hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Na muulize wazi kama anawaza kujiua, arosto ya namna hii huleta mawazo hayo. Akipata maumivu ya kifua, joto kali au degedege, ni dharura, hata kama ni saa nane usiku.

NesiMstaafu: Mwanangu, usibishane naye kuhusu hao watu, wala usimkubalie. Ongea polepole, muwe wachache chumbani. Kahawa asipewe. Nenda na mtu anayemsikiliza.

BintiPangani: Ahsanteni sana. Anamsikiliza mjomba peke yake. Nampigia sasa hivi, asubuhi twende wote watatu.