Nakimbia vizuri ila raha imeisha, saa imenitawala. Nifanyeje?

Mwendo_Dar: Wakuu, habari za asubuhi. Nakimbia mara nne kwa wiki, km 5 hadi 10. Kilomita ikiisha chini ya dakika 6 nafurahi, ikizidi siku nzima imeharibika. Sina mashindano mbele na hamu inapungua. Kuacha sitaki.

Pumzi Ndefu: Mkuu, kwa Dar saa ni kipimo kibovu, hasa Januari hadi Machi. Hewa ina unyevu, jasho halikauki, moyo unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe na misuli inapata pungufu. Juhudi ileile, mwendo unashuka. Hujadhoofika!

Pima kwa pumzi. Mbio tatu kati ya hizo nne, uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa, tembea dakika moja kisha endelea. Toka kwa muda badala ya umbali: dakika 20 kwenda, 20 kurudi. Kama unataka kumbukumbu, bandika plasta kwenye kioo cha saa, utaangalia nyumbani.

Nguzo kwa Nguzo: Hiyo ya nne ichezee kasi. Kule Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, Alhamisi ni siku ya fatileki kwenye barabara za vumbi, kasi na taratibu kwa kupokezana. Wewe pasha mwili dakika 10, halafu kimbiza hadi nguzo ya tatu ya umeme, punguza hadi pumzi irudi, rudia mara 6 hadi 8. Wengi huharibu kwa kumaliza nguvu zote mzunguko wa kwanza. Wa mwisho ndio uwe mtamu kuliko wote. Na watu wanasahau kwamba hao hao wa Iten siku za mbio nyepesi huanza polepole mno, hata mgeni anaweza kwenda nao.

Bamvua: Badili na njia, ndugu yangu. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakitoka, ufukweni hubaki mchanga mpana, mgumu, wenye unyevu. Angalia jedwali la maji kwanza, ukiwahi sana au ukichelewa utakimbia kwenye mchanga laini na mashavu ya miguu yatakuuma. Ufukwe umeinama pia, mguu mmoja unakaa juu, nyonga na goti vinalalamika. Rudi kwa njia uliyoendea ili miguu ibadilishane. Peku anza na dakika 5 hadi 10 tu, kano ya kisigino haijazoea.

Mwendo_Dar: Asanteni sana. Na nikifanya yote hayo hamu isirudi?

Pumzi Ndefu: Hesabu mapigo ya moyo ukiamka, kabla hujashuka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida yako siku kadhaa mfululizo, miguu mizito, usingizi mbovu, huo ni uchovu. Pumzika wiki nzima, tembea tu. Yakiwa ya kawaida, tafuta mtu wa kukimbia naye Jumamosi, mkubaliane mapema kwamba anayepumua kwa shida ndiye anayepanga mwendo.