Mjadala: Mvuvi mdogo wa Ufilipino apewe kiti chake bungeni?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja ya mbali kidogo, ila nadhani watu wa mwambao itawagusa.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, na wavuvi waliosajiliwa ni zaidi ya milioni 2. Kwa takwimu za serikali yao wenyewe, mwaka 2023 waliokuwa chini ya mstari wa umaskini kitaifa walikuwa asilimia 15.5. Kwa wavuvi ilikuwa asilimia 27.4. Ukijumlisha wake, waume na watoto waliofikisha umri wa kupiga kura, hilo ni jeshi la wapiga kura, lakini bungeni huwaoni.

Mei 2025 Ronnel Arambulo, mvuvi na kiongozi katika chama cha wavuvi cha PAMALAKAYA, aligombea useneta. Akaanguka, yeye na wenzake wote wa Makabayan, mseto wa vyama vya mrengo wa kushoto. Mimi sikushangaa. Seneti yao ina watu 24, kila miaka 3 wanachaguliwa 12, na kura ni za nchi nzima. Anayepita ni yule ambaye jina lake limeshafika kila kisiwa kabla hata kampeni hazijaanza: nyota wa filamu, mtangazaji, mtoto wa ukoo wa siasa. Mtu wa ndoano na mshipi nani anamjua?

Kulikuwa na mlango mwingine. Katiba yao ya 1987 ilitenga asilimia 20 ya viti vya Baraza la Wawakilishi kwa vyama vinavyochaguliwa kwa orodha, na sheria ya 1995 ikawataja wavuvi kwa jina, pamoja na wafanyakazi, wakulima, wazee na wengineo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba si lazima chama kiwe cha wanyonge ndipo kiingie kwenye orodha hiyo. Mlango ukawa wa kila mwenye nacho. Fernando Hicap wa PAMALAKAYA alikaa bungeni 2013 hadi 2016 kupitia chama cha Anakpawis, na Anakpawis yenyewe ikapoteza kiti mwaka 2019.

Hoja yangu ni fupi: wavuvi watengewe viti vyao, vipigiwe kura na wavuvi waliosajiliwa peke yao. Mnasemaje?

Kasheshe wa Bandarini

Mkuu, viti maalum tunavijua hapa nyumbani, tusidanganyane. Aliyekupa kiti ndiye unayempigia makofi. Majirani zetu Uganda wana wabunge wa wafanyakazi, waulize vibarua wa Kampala wamepata nini.

Halafu hilo daftari la wavuvi analiandika nani? Kule usajili unapitia ofisi za manispaa. Kwa hiyo meya ndiye ataamua nani mvuvi na nani si mvuvi, siku ya kura utakuta binamu zake wote wana kadi za uvuvi na hawajui hata kufunga chambo. Umetengeneza mbunge wa meya.

Wakili wa Zamani

Ndugu zangu, mnagombania bunge wakati waliowapiga wavuvi wale hivi karibuni hawakuwa wabunge. Ilikuwa mahakama.

Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991, na baadaye Sheria ya Uvuvi ya 1998, maji ya kilomita 15 kutoka pwani ni ya manispaa, na kipaumbele ni cha wavuvi wadogo, yaani wenye vyombo visivyozidi tani 3. Meli za uvuvi wa kibiashara zinatakiwa kukaa nje ya hapo, isipokuwa manispaa ikiruhusu baadhi ziingie kuanzia kilomita 10.1. Katiba nayo, Ibara ya XIII, kifungu cha 7, inasema dola italinda haki ya wavuvi wa kujikimu kutangulia kutumia bahari ya kwao.

Sasa kampuni moja ya uvuvi, Mercidar, ilikwenda mahakama ya mji wa Malabon kupinga mpaka huo. Desemba 2023 ikashinda. Ofisi ya serikali ya uvuvi, BFAR, ikakata rufaa, na Agosti 2024 kitengo cha kwanza cha Mahakama ya Juu kikaitupa rufaa hiyo. Sababu mojawapo? Ilichelewa kuwasilishwa. Uamuzi ulipojulikana hadharani Desemba mwaka huohuo, manispaa na wavuvi ndipo wakaanza kuhangaika kuomba waingizwe kwenye kesi na uamuzi ubatilishwe.

Someni hapo tena. Kesi ya bahari ya wavuvi wadogo ilisikilizwa kati ya kampuni na ofisi ya serikali. Wenye bahari hawakuwamo. Mimi nimekaa mahakamani miaka mingi na nawaambieni, mtu asiyekuwamo kwenye kesi hupoteza haki yake bila hata kuitwa jina. Kwa hiyo kabla ya kiti bungeni, sheria iseme kwamba kesi yoyote inayogusa maji ya manispaa haisikilizwi mpaka wavuvi waliosajiliwa wa eneo hilo wapewe taarifa na nafasi ya kujibu.

Mama Samaki

Jamani na sisi wanunuzi tusemewe. Miji inakula. Manila yenye mamilioni ya watu hailishwi na ngalawa za mtu na mwanawe. Samaki wao wa galunggong alikuwa kitoweo cha maskini, leo serikali inaruhusu aagizwe kutoka nje kujaza soko. Na nchi yenyewe ni visiwa vitupu, ukipima kilomita 15 kila upande, katika bahari za katikati meli kubwa inabakiwa na wapi? Wenye meli nao wana mabaharia, na mabaharia hao nao ni watoto wa maskini.

Mleta mada

Mama Samaki, hoja yako ndiyo hoja ya wenye meli, na si ya kupuuza. Lakini tazama kilichomo ndani ya hizo kilomita 15: mikoko, nyasi bahari, matumbawe. Ndiko samaki wanakozalia na kukulia. Meli ikiingia na nyavu za kuzingira na taa kali usiku, inazoa wakubwa na wachanga. Mwaka wa kwanza bei sokoni itashuka, sikatai. Miaka inayofuata hata hiyo meli itarudi na barafu tupu. Na mvuvi mdogo hana pa kuhamia, chombo chake hakiendi kilomita 60.

Wakili, nakubali kwamba wavuvi walipaswa kuwamo kwenye kesi. Ila nani atatunga hiyo sheria unayoitaka? Tunarudi palepale bungeni.

Dau la Mnazi

Mimi kinachonichosha ni unafiki. Mvuvi wa Ufilipino akifukuzwa na walinzi wa pwani wa China kule kwenye mwamba wa Scarborough, wenyewe wanauita Bajo de Masinloc, kamera zote zipo. Pale ni kama kilomita 220 kutoka Luzon, kisiwa chao kikuu. Tangu 2012 China imeshika mwamba ule. Mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi ikasema wavuvi wa Ufilipino wana haki ya jadi ya kuvua pale (na wa China pia, jambo ambalo wanasiasa wa Manila hawalitaji sana). Kila mwanasiasa anapiga picha na mvuvi wa Zambales, mkoa wa Luzon unaotazama mwamba huo.

Sasa mvuvi yuleyule akisukumwa na meli ya nyumbani ndani ya kilomita 15, au kijiji chake kikifukiwa kupanua ardhi kama ilivyofanyika Ghuba ya Manila, kamera haziji. Mkoani Bulacan kunajengwa uwanja wa ndege mahali palipokuwa na vijiji vya wavuvi. Mvuvi anapendwa akiwa mbali na anayemdhulumu ni mgeni.

Ndiyo maana viti siviamini. Wakipewa kiti, watakuwa wa kupigia picha tu.

Kasheshe wa Bandarini

Dau umenena. Na huyo Hicap aliyekuwa bungeni miaka 3, marekebisho ya Sheria ya Uvuvi yalikuwa sheria 2015 wakati yeye yumo humohumo, na alikuwa miongoni mwa walioyapinga. Kura moja kati ya karibu mia tatu. Mleta mada, una jibu?

Mleta mada

Ninalo. Kura moja haizuii mswada, ila mbunge anaweza kudai nyaraka, kumwita mkurugenzi wa BFAR mbele ya kamati, na kuuliza mbona rufaa ilichelewa na nani alikuwa na faili mezani. Baada ya 2019 hakukuwa na mtu wa Anakpawis wa kuuliza hayo. Walibaki na maandamano na barua.

Bi Zuhura wa Mjini

Nimesoma wote, naona mnaruka ngazi ya chini. Ile sheria ya 1991 aliyoitaja Wakili ina kifungu cha 41 kinachosema kila baraza la mji liwe na wawakilishi watatu wa makundi: mmoja wa wanawake, mmoja wa wafanyakazi, mmoja wa kundi jingine ambalo baraza litaamua. Mji wa pwani ungeweza kuamua kundi hilo ni wavuvi. Zaidi ya miaka 30 imepita na viti hivyo kwa sehemu kubwa havijawahi kupigiwa kura. Yapo mabaraza ya usimamizi wa uvuvi, FARMC, na wavuvi wamo, lakini kazi yake ni kushauri. Baraza la mji ndilo linalotunga sheria ndogo za vibali, ambazo bila hizo meya hawezi kuruhusu meli kati ya kilomita 10.1 na 15, na ndilo linalopitisha bajeti ya doria.

Kaka Kasheshe anaogopa meya kuchakachua daftari. Hofu ya kweli hiyo. Lakini kijijini kila mtu anajua nani anakwenda baharini, binamu wa meya atazomewa mchana kweupe. Kwenye daftari la taifa zima hakuna wa kumzomea.

Mleta mada

Bi Zuhura, shikamoo kwa hoja hiyo. Mimi bado nataka viti vya taifa, ila naona utaratibu uwe huu: kifungu cha 41 kianze kutumika kwenye miji yote ya pwani, majina ya wavuvi yabandikwe ufukweni wayahakiki wenyewe, na daftari hilohilo litumike baadaye kwa viti vya bunge. Pendekezo la Wakili lipelekwe sasa hivi na mbunge yeyote anayetoka jimbo la pwani. Halihitaji kusubiri mvuvi achaguliwe.

Kasheshe wa Bandarini

Daftari la kubandikwa ufukweni nakubali. Viti vya bunge, hapana. Nionyesheni kwanza mji mmoja ambako mvuvi amekaa barazani muhula mzima na akampinga meya kwenye kibali cha meli, ndipo tuzungumze habari za Manila.