Patasi sita za zamani, mihuri imelika: ni za lini, na 90,000 ni bei ya haki?

Mbao_Masaka
Wakuu, kuna patasi sita zinauzwa kwa mkupuo shilingi 90,000, muuzaji hapunguzi. Mipini ni ya mti, miwili imepasuka. Moja imeandikwa "MARPLES" na alama ya jani lenye sehemu tatu. Nyingine ina "CAST STEEL" tu, jina limelika. Ya tatu ina papa na neno "ESKILSTUNA". Ya nne ni nene, ya kuchimba matundu ya ulimi, ina kamshale kamepigwa kwa chapa. Mbili hazina kitu. Nataka kubaki na mbili, zilizobaki niuze. Nizitambueje?

Kinoo
Ndugu, nianze na "CAST STEEL" kwa sababu inawapoteza wengi. Si chuma cha kusubu kama cha sufuria. Ni chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya vyungu vya udongo, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman kule Sheffield, Uingereza, miaka ya 1740. Tanuri za umeme zilipoenea karne ya 20, njia hiyo ikafa na maneno hayo yakatoweka kwenye patasi mpya. Kwa hiyo yanakuambia ni ya zamani, mwaka hayataji. Neno "WARRANTED" nalo lisikupandishie bei, kila mtu alilipiga.

Jani ni la Marples wa Sheffield, na walilitumia muda mrefu mno, halitoshi kukupa umri. Papa ni alama ya kiwanda cha E. A. Berg cha Uswidi, kilichonunuliwa na kampuni ya Bahco mwaka 1959. Mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi ya jeshi. Tazama pia kama kuna herufi za reli: K.U.R. (reli ya Kenya na Uganda) ni kabla ya 1948, E.A.R. (reli ya Afrika Mashariki) ni baada ya hapo.

Hizo mbili zisizo na kitu, sugua mteremko wa makali kwa msasa namba 400, kisha paka siki dakika chache. Ukiona mstari, upande mmoja mweusi na mwingine mweupe, ni chuma laini kilichounganishwa na bamba la chuma kigumu kwa moto na nyundo. Hiyo ni kazi ya kale, ichukue. Ikiwa rangi ni moja tu, inaweza kuwa nzuri bado. Pitisha tupa karibu na makali. Tupa ikiteleza, ni ngumu. Ikila kama inakula msumari, achana nayo.

Fundi wa Ndeeba
Yote sawa, lakini mnunuzi anayejua hasomi muhuri kwanza. Anageuza upande bapa. Vishimo vya kutu hapo ndivyo vinavyoua thamani, kwa maana makali ni pale pande mbili zinapokutana, na kishimo kikifika ukingoni kinaacha pengo kila unaponoa. Vikiwa juu karibu na mpini havina neno. Vikiwa ndani ya inchi moja toka makali, hesabu utakavyosaga.

Pili, pima urefu wa chuma toka begani hadi makali. Patasi ya kawaida ilitoka kiwandani na inchi 5 hadi 6 hivi. Ikibaki chini ya 3, ni ya kutumia, si ya kuuza. Tatu, rangi ya buluu karibu na makali ina maana mtu aliichoma kwenye grenda. Ugumu umeshatoka, lazima usage hadi upite hiyo buluu. Zile ambazo mpini unaingia kwenye kikombe cha chuma, kagua mdomo wa kikombe. Ukipigwa nyundo bila mpini unachanua kama uyoga, na ukipasuka usiupeleke kwa mchomeleaji, joto litashuka hadi kwenye chuma kigumu.

Mpini uliopasuka haupunguzi kitu kwangu. Mpera mkavu au mugavu unatosha.

Mbao_Masaka
Asante ssebo. Papa ina vishimo, cha karibu kabisa kiko nusu inchi toka makali. Ile nene ni safi, inchi 5. Marples imebaki inchi 2 na nusu.

Fundi wa Ndeeba
Basi nene na papa ndizo zinazobeba bei. Nusu inchi ni minoo mingi kabla hujafika kwenye kishimo. Marples hiyo jina ni kubwa kuliko chuma kilichobaki, tumia wewe. Mwambie 60,000, akikataa, omba hizo mbili peke yake.

Kinoo
Na usizisugue kwa brashi ya waya ya grenda kabla ya kuuza! Inafuta muhuri. Toa mpini, loweka kwenye siki usiku mmoja tu, osha kwa maji yenye magadi, kausha juani, paka mafuta. Ukizidisha siku mbili, siki inaanza kula chuma chenyewe.

Ile nene inoe nyuzi 30 hadi 35. Nyuzi 25 ni za kuchonga kwa mkono. Ukiinoa hivyo kisha ukaipiga kwenye mvule kavu, itamegeka.