Relics ya Pink Floyd: nianze nayo au niruke?

mgeni_wa_floyd: Wakuu habari, mimi Pink Floyd, ile bendi ya roki ya Uingereza, nimeanzia albamu za Dark Side nikaja Wish You Were Here, sasa nataka kurudi kule mwanzo kabisa enzi za Syd Barrett, mwimbaji na mtunzi wao wa mwanzo. Jamaa mmoja kasema nichukue Relics ya 1971, mwingine anadai ule ni mkusanyiko wa kutafutia hela tu nianze na The Piper, albamu yao ya kwanza, moja kwa moja. Nimsikilize nani?

santuri_kongwe: Huyo wa pili hajakosea sana, kampuni ya rekodi ya EMI waliitoa kwa lebo yao ya bei chee, Starline. Lakini Piper ya Uingereza haina Arnold Layne wala See Emily Play, zile zilitoka kama singo 1967 na bila hizo mbili Syd bado hujamjua. Arnold Layne ni wimbo wa jamaa anayeiba nguo za kike kwenye kamba usiku, Radio London wakagoma kuipiga, na wale walikuwa redio ya maharamia, isiyo na leseni, eti nao wakaona haya 😂

besi_nzito: Mi mpangilio wake ndo unanikera. Syd kaondoka 1968, unafika The Nile Song ya 1969 Gilmour, mpiga gitaa aliyeshika nafasi yake, anapiga kelele hadi koo linakauka, mara Biding My Time, halafu ghafla unarudishwa 1967 na Bike. Wangepanga kwa miaka tu mtu aone bendi ilivyobadilika.

santuri_kongwe: @besi_nzito hapo sikubishii, ila Biding My Time kabla ya hapo haikuwa imetoka popote, na mpiga kinanda wao Rick Wright anapuliza tromboni humo! Inaanza kivivu vivu kama jazi ya baa, baadaye gitaa linakuja kuvuruga kila kitu. Kwangu hiyo peke yake inatosha.

mgeni_wa_floyd: Sasa nikishakuwa na Piper si nitakuwa narudia nyimbo?

besi_nzito: Mbili tu, Interstellar Overdrive na Bike. Remember a Day iko albamu ya Saucerful, Cirrus Minor na Nile Song ziko albamu ya More. Zinabaki sita ambazo kwenye albamu zao za studio za Uingereza za wakati huo huzipati, ikiwemo Careful with That Axe, Eugene ya studio maana ile ya albamu ya Ummagumma ni laivu. Chukua tu mkuu, na kava lenyewe kachora mpiga ngoma wao Nick Mason, ile mashine yake ya ajabu ajabu iangalie vizuri.

mgeni_wa_floyd: Poa, naanza na Piper kisha Relics, More itasubiri.