Riwaya inayochekesha kwa mauaji: msomaji ana kasoro, au mwandishi ni fundi?

Mleta mada: Wakuu, nimemaliza riwaya ya Ryu Murakami wa Japani (si yule mwandishi mwingine wa huko, Haruki Murakami), *Popular Hits of the Showa Era*. Kwao ilitoka 1994. Nimeipenda hadi naona haya kusema. Vijana sita wa viunga vya Tokyo, hawana wapenzi wala mipango, hukutana kucheka ovyo na kuimba karaoke. Siku moja mmoja wao anamchinja mwanamke njiani. Marehemu ana marafiki watano, wote wameachika, wote wanaitwa Midori kama yeye. Wanalipiza kwa kisu. Vijana wanajibu kwa bastola. Kina mama wanaleta roketi! Na hapo bado. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Je, nina kasoro?

Mama Wawili: Unayo, tena kubwa. Yule mama anauawa kwa sababu alimkemea kijana aliyemgusa kichafu barabarani. Hapo ulicheka nini? Sisi tunaotembea peke yetu usiku hatuoni kichekesho.

Mleta mada: Hapo sikucheka, dada, wallahi. Kicheko kilikuja baadaye. Wale kina Midori kila wakikutana, kila mmoja alikuwa anaongea yake, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mwenzao kuuawa ndipo wakaanza kusikilizana. Walipopata wa kumuua, walipata na udugu. Vijana nao vivyo hivyo. Nilicheka, halafu kicheko kikanikwama kooni.

Msomaji wa Zamani: Mnasahau nyimbo. Kila sura imepewa jina la wimbo wa kale uliowahi kutamba Japani. Enzi ya Showa ilianza 1926 ikaisha 1989, alipofariki Hirohito, mfalme wao. Ndani yake mna vita, kushindwa, kisha utajiri mkubwa. Hawa wahusika utajiri waliusikia kwa jirani. Kilichowafikia ni nyimbo. Kwangu huo ndio ukatili wa kitabu, roketi ni mbwembwe.

Mama Wawili: Maneno mazuri, ila ona: vijana sita hawana kazi ya maana, na wa kwanza kulipia ni mwanamke. Kila mara sisi.

Mleta mada: Hilo sina jibu lake. Ila kina Midori hawabaki wa kuonewa, wanawashinda vijana kwa akili mara kadhaa.

Mama Wawili: Haya, niazime. Nikiitupa dirishani kabla ya roketi, usinidai.