Pepa ya mnyauko wa migomba, sapavaiza anasema haina mpangilio

mwana_mbale:
Banange naombeni msaada. Naandika pepa ya mnyauko wa migomba, ule ugonjwa ulioripotiwa Mukono hapa Uganda 2001 ukasambaa, mimi nimehoji wakulima wa wilaya ya Sironko kwa nini hawafuati ushauri wa kuuzuia. Data ninayo na nimesoma sana, ila sapavaiza ameirudisha kaandika tu "haina mpangilio". Kurasa za mwanzo ni historia ya ndizi, nikizitoa naogopa ataona sijasoma. Nianzie wapi?

dada_wa_gulu:
Pole ndugu yangu. Kwanza swali lako la utafiti liandike kwa sentensi moja. Wakulima wanajua wavunje lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu kwa kijiti cha panda, wanajua kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, lakini hawafanyi, kwa nini? Si ndilo hilo? Basi lionekane mapema, ukurasa wa pili usiishe bado tunalisubiri. Historia ya ndizi toa, tuambie ugonjwa unaeneaje na ushauri ni upi, inatosha.

mwalimu_jinja:
Dada kasema kweli. Mimi nasahihisha hizi kazi, na kinachoniumiza ni matokeo kuchanganywa na mjadala. "Wengi wana panga moja tu la shamba zima", hayo matokeo. Kwa nini iko hivyo na waliotangulia walikuta nini, huo ndio mjadala. Halafu print drafti, pembeni ya kila aya andika kwa penseli inafanya kazi gani, maneno matatu manne tu, ukikosa la kuandika ifute, na aya mbili zikiwa na kazi moja ziunganishe. Hii fanya kweli ssebo, maana ukisoma kazi yako mwenyewe mapengo huyaoni, kichwa kinayajaza chenyewe. Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, iache uiandike mwisho kabisa.

mwana_mbale:
Asanteni sana, nimeshachukua penseli. Na mapitio ya maandiko je, niende mwandishi mmoja mmoja kwa miaka?

dada_wa_gulu:
Hapana, nenda kwa hoja. Wanaosema tatizo ni elimu waweke pamoja, wanaosema ni kazi nyingi na gharama nao pamoja, waonyeshe wanapopingana, halafu useme wakulima wako wa Sironko wanaongeza nini hapo. Miaka utaitaja ndani ya sentensi.